Kilo ya Gunia

Nilipouza kuku wangu ili nilipe ada ya mashindano, nilimbakiza jogoo peke yake. Hadi leo anawika kwa mazoea tu, maana hakuna tena wa kumsikiliza.

Naitwa Bathsheba. Yule wa kwenye Biblia alionekana akioga, akaolewa na mfalme. Mimi nilionekana nikichuma chai kwenye mvua, nikaolewa na Jethro, mchonga mawe. Sijutii. Mfalme gani angenichongea mwiko kwa mkono wake?

Jethro alichonga mawe kule Tabaka, kwenye machimbo, miaka ishirini na minane: viboko, sahani, sanduku za pete, chochote ambacho mzungu angekubali kubeba kwenye ndege. Lile jiwe letu ni laini. Ukilipaka maji linang'aa kama mtoto aliyetoka kupakwa mafuta, lakini likikauka linatoa unga mweupe. Unga huo ulikuja naye nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijazama, kwenye nyusi, kwenye nywele, ndani ya masikio. Nikawa namtania kwamba nimeolewa na pakiti ya unga wa ngano. Nilichokuwa naona ni ule wa nje. Mwingine alikuwa akiuweka kifuani, mwaka baada ya mwaka, bila kuniambia, kwa sababu hata yeye hakujua.

Mwaka huu mwezi wa pili alianguka kwenye ngazi ya mlango wetu, ngazi moja tu. Tangu siku hiyo yuko wadi ya wanaume mjini Kisii, na mpira wa hewa puani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniita pembeni akaniambia, "Mama, mapafu hayo hayatarudi. Lakini akiwa na mashine ya oksijeni nyumbani, anaweza kukaa na nyinyi miaka. Mashine ndiyo itamtoa hapa."

"Na bila mashine?"

"Bila mashine, ukimtoa kwenye huu mpira, hafiki Keroka."

Mashine hiyo ni laki moja na themanini. Ni kisanduku tu, kimo chake kama cha debe la maji, kinavuta hewa ya bure kinaisafisha. Nilimwambia daktari kwa bei hiyo ingefaa iwe inaosha na vyombo. Akacheka. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Wiki ya kumi na moja, Jethro alikuwa ameacha kuuliza mengi. Alikuwa na swali moja tu, kila nikiingia. "Migomba imeanguka?"

"Haijaanguka, Baba Bravin."

"Upepo ulikuwa mwingi jana."

"Imesimama. Inakungoja wewe uje uiangushe."

Mwanaume huyo alitaka kwenda nyumbani. Hakutaka kingine.

Basi siku moja nikiwa nimekaa kando ya kitanda, redio ya mgonjwa wa jirani ikatangaza kwamba chama fulani cha wavuvi wa starehe kutoka Nairobi kimeleta mashindano Nyamira, kwenye lile bwawa la zamani chini ya mashamba ya chai, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Ekerenyo. Ndoana tu, wavu hapana. Kambale mmoja mzito kuliko wote, shilingi laki tano. Wa pili, kofia na fulana. Siku yenyewe Jumapili, maana Jumamosi nusu ya Nyamira ingekuwa kanisani na nusu nyingine ingeogopa kuonekana haiko kanisani.

Jethro alifungua jicho moja. Akaniangalia. Nikamwangalia. Katika nyumba yetu, mvuvi wa kambale ni mimi.

Serikali ilipochimbia watu mabwawa ya samaki miaka ile, sisi pia tulichimbiwa moja. Tukaweka ngege, samaki wa magamba. Kambale wakaja wenyewe, kama jamaa za mume siku ya nyama, wakaanza kula watoto wa ngege. Ikabidi nijifunze kuwatoa kwa ndoana. Sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba, kwa hiyo kila kambale niliyemtoa nilimzika chini ya mgomba. Kwetu mlimani hakuna aliyewahi kumpasua mmoja aone ndani kuna nini. Shimo, samaki, udongo, basi. Ndizi zangu ni nene kama vidole vya mchungaji wetu.

Fimbo, ndoana na mshipi nilikuwa navyo. Sikuwa na chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana mpaka chini kabisa anakolala kambale mkubwa. Bwawani kwangu hatukuhitaji. Kina ni cha kiunoni. Jethro akaniambia nimletee vipande vya jiwe na tupa yake ndogo.

"Wazimu umekuingia? Vumbi ndilo lilikuleta hapa."

"Nitachonga kwenye maji. Maji hayana vumbi."

Akachonga chini ya blanketi, akichovya jiwe kwenye kikombe cha uji cha hospitali. Sista alimkamata siku ya pili. "Mzee, wewe ni mgonjwa ama ni fundi?" Akamwambia ni mgonjwa asubuhi na fundi baada ya chakula. Wakampokonya tupa, lakini alikuwa amemaliza: machubwi matatu, kila moja kama yai la kuku, yametobolewa mdomoni pa kupitisha mshipi. Na kwa kuwa Jethro hawezi kuchonga kitu kikawa kitu tu, kila moja lilikuwa ngege mdogo, na macho yake, na mapezi, na magamba yamepangwa safu kwa safu.

"Hii inaenda chini ya matope, Baba Bravin. Nani ataiona?"

"Samaki," akasema.

*

Siku yenyewe tulikuwa watu arobaini na wawili kuzunguka bwawa. Arobaini na mmoja walikuwa na viti vya kukunja.

Aliyekaa karibu nami alikuwa Duke, kijana wa kwetu aliye na duka kubwa la vifaa vya ujenzi Keroka. Alikuwa na fimbo tatu zinazong'aa, kila moja na gurudumu lake la mshipi, na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, kana kwamba jua la Nyamira limewahi kumchoma mtu. Aliniona nikikata chambo cha sabuni ya kipande kwa kisu.

"Mathe, hao samaki unataka kuwavua ama kuwaosha?"

"Nawaosha kwanza. Wewe utawashika na uchafu wao."

"Na hiyo nyingine inanuka ni nini?"

"Matumbo ya kuku. Siku mbili kwenye jua. Ukitaka nikugawie, sema mapema, yanaisha."

Akasogeza kiti chake hatua tatu. Lakini alikuwa kijana mzuri. Saa nne akaniletea chai ya chupa.

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Nyamongo, aliyestaafu, mzee wa kanisa letu. Miaka thelathini amefundisha hesabu, na hata kukusalimia anakusalimia kama anakagua daftari. Alisoma sheria kwa kipaza sauti. Kila mvuvi atapimiwa samaki mmoja tu. Mwisho saa kumi kamili. Kila samaki atapitishiwa kile kifimbo cha walinzi wa supamaketi kinacholia kikiona chuma, "kwa maana kuna watu huko nje hushindilia vyuma tumboni mwa samaki. Kikipatikana ndani ya samaki kitu ambacho samaki hakukila mwenyewe, mvuvi huyo ametoka. Hakuna rufaa."

Watu wakacheka. Chuma tumboni mwa samaki! Mimi nilicheka kuwashinda.

Saa tano Duke akanasa. Alipigana naye kama mtu anayevuta ng'ombe kwenye matope. Mwalimu Nyamongo akamtundika kwenye mizani, akasoma, "Kilo tisa nukta nne." Watu wakapiga makofi. Duke akanikonyeza. Mimi nilikuwa nimenasa watatu, wote wa kuchekesha. Mmoja alikuwa mdogo kuliko chambo.

Saa sita. Saa saba. Saa nane. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu anahesabu vitu: vipande vya sabuni vilivyobaki, mawingu, watu wanaofunga viti. Nilibadilisha mahali mara nne. Nilimwambia Mungu kwamba mimi sitaki laki tano, anipe laki moja na themanini, zilizobaki azirudishe mwenyewe.

Saa tisa na robo mshipi ukazama.

Sitasimulia jinsi nilivyomtoa, kwa sababu sijui. Najua nilikuwa majini mpaka kifuani na gauni limenielea pande zote kama mwavuli, na Duke akipiga kelele, "Usimwachilie, mathe! Legeza! Sasa vuta!" Najua nilitoka nimemkumbatia kama mtoto aliyekataa kuoga. Alikuwa mweusi, mrefu kama meza, na ndevu zake zilinigusa shingoni.

Nikamtumbukiza kwenye gunia langu lililolowa, nikaenda naye kando, juu kwenye michai, ili nimpime kwanza mwenyewe.

Mkono wangu wa kulia umebeba chai tangu nikiwa darasa la tano. Nipe kitu chochote nitakuambia kilo zake kabla karani wa kituo cha kupimia chai hajavaa miwani. Karani hutundika gunia lako, anaangalia mshale, anatoa kilo moja ya gunia na umande, anaandika. Na mimi, miaka thelathini na nane, sijawahi kukosea kile anachoandika. Wanawake wenzangu huniwekea magunia yao mkononi kwanza, wajue kama wataibiwa.

Nikamtoa samaki guniani, nikamning'iniza kwa kidole kwenye shavu. Mkono ukasema: tisa.

Nikabadilisha, nikamshika kwa kushoto. Tisa. Nikamweka chini, nikapumua, nikamwinua tena kwa kulia, nimefunga macho. Tisa, tena kwa kumpendelea.

Duke ana tisa na nne.

Saa ilikuwa tisa na dakika thelathini na tano. Hapo simu ikalia mfukoni, ndani ya karatasi ya nailoni nilimoifunga. Jethro. Sista alikuwa amemshikia simu, nilisikia hewa ikipiga miluzi.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Mkubwa?"

Nikamwangalia yule samaki. Alikuwa akifungua mdomo na kuufunga. Mdomo mpana, ungeingiza ngumi.

"Mkubwa, Baba Bravin."

"Basi nakuja nyumbani," akasema. Kisha pumzi ikamwishia, sista akakata.

Nilikaa chini kati ya michai. Machubwi yalikuwa bado kwenye mshipi. Niliyapima kiganjani yote matatu pamoja: yalizidi kidogo pakiti ya sukari ya nusu kilo. Tisa na nusu na kidogo. Na jiwe halilii kwenye kile kifimbo. Na kambale kwetu hapasuliwi. Angepimwa, tungepiga picha, kisha ningemwomba Mwalimu Nyamongo, Msabato mwenzangu, anipe samaki wangu nikamzike chini ya mgomba kama wenzake. Udongo ungefunika kila kitu, na Jethro angekuwa ndani ya nyumba akivuta hewa ya kisanduku, akiniuliza mbona nimechelewa kupika.

Sikuomba. Nilijua nikiomba nitajibiwa.

Yaliingia moja baada ya jingine, yakateleza yenyewe, kana kwamba alikuwa ameyangoja.

*

Kifimbo kilipita juu ya samaki mara mbili, kimya. Mwalimu Nyamongo akamtundika. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia. Mwalimu akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Kilo kumi nukta tano."

Wananchi wakalipuka. Kumi na nusu? Mkono wangu ulisema tisa na nusu na kidogo. Nikajiambia mizani ya Nairobi imezoea matajiri, inasoma kwa ukarimu. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Duke alikuwa amenibeba juu juu.

"Sabuni!" alikuwa akipiga kelele. "Mathe ametumaliza na sabuni!"

Wakaleta hundi ya kadibodi, kubwa kuliko mlango wa choo changu. Nikaishika upande mmoja, mwenyekiti wa chama akaishika upande mwingine, bibi mmoja wa Nairobi mwenye miwani ya jua. Tukapigwa picha. Nilikuwa nimeshaamua kisanduku kitakaa dirishani, upande wa migomba.

Bibi yule akachukua kipaza sauti. "Sasa, wenyeji wetu, chama chetu kina desturi moja. Samaki wa mshindi haendi nyumbani. Tunamla hapahapa, wote, kwa heshima yake. Mama Roselyne yuko tayari!"

Roselyne namjua. Ni Mkatoliki, hukaanga samaki pale steji ya Keroka, na hakuna samaki wa dunia hii anayemwogopa. Alikuwa ametoka nyuma ya hema na sinia, karai la mafuta likichemka nyuma yake, na kisu.

"Yaya!" nikasema. Hapana. Nilisema kwa sauti hata mimi nikashtuka. "Huyo samaki ni wangu. Nipeni nimpeleke nyumbani."

"Kumpeleka wapi na wewe humli?" Roselyne akanicheka.

"Nikamzike. Kwenye mgomba. Ni mbolea."

"Kilo kumi za nyama uzike! Bathsheba, hata waliokufa njaa watafufuka wakupige."

"Roselyne, dada yangu, tafadhali. Nitakuletea mwingine kesho. Nitakuletea wawili."

"Huyu ndiye nimemchemshia mafuta."

Watu walikuwa wakicheka. Walidhani ni utani wangu wa kila siku. Ndiyo shida ya kuwa mtu wa utani. Nikamshika mkono Roselyne, ule wenye kisu. Akanitazama, na kicheko kikamtoka usoni, lakini kisu kilikuwa kimeshaanza safari kutoka shingoni kwenda mkiani.

Wakaanguka kwenye sinia. Ta. Ta. Ta. Ngege watatu wadogo, wamelowa, wanang'aa.

Nilisikia mafuta yakichemka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo kambale mwenyewe ni Msabato. Anakula wenye magamba tu."

Kile kicheko kilichofuata, sijui niseme nini. Nimechekesha watu maisha yangu yote. Sikuwahi kuwa upande huo mwingine.

Mwalimu Nyamongo hakucheka. Aliokota chubwi moja, akalifuta kwa leso, akaligeuza. Nyumbani kwake wanakulia sahani za mawe za Jethro. "Huu ni mkono wa Jethro," akasema polepole. Halafu, kwa sauti ya darasani, "Mshiriki ameondolewa. Mshindi ni Duke." Akamgeukia Roselyne. "Nirudishie samaki kwenye mizani, na matumbo yake yote. Lazima niandike kitabuni alikuwa na nini."

Wakamtundika tena, tumbo wazi, bila mawe. Mwalimu akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Hakutumia kipaza sauti. Alikuja mpaka niliposimama.

"Tisa nukta tisa," akasema.

"Duke alikuwa na tisa na nne," nikasema, kama mtoto anayejibu hesabu.

"Ndiyo, dada."

"Basi mimi..."

"Ndiyo."

Nikauangalia mkono wangu wa kulia. Miaka thelathini na nane umejifunza kilo kwenye kituo cha chai, na kila siku ya miaka hiyo karani ametoa kilo moja kabla ya kuandika. Kumi kwa mkono wangu ni tisa. Mkono haukunidanganya. Uliniambia kile ambacho karani angeandika. Lakini kambale hana gunia, na samaki hapunguziwi umande.

Duke alikuja na ile hundi kwapani, hajui aipeleke wapi. "Mathe," akasema. "Mathe, mimi... sheria ni yao."

"Chukua, mwanangu. Umevua vizuri."

"Nani mgonjwa? Roselyne anasema kuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa," nikasema. "Kuna fundi." Nikaondoka, kwa sababu angeniuliza mara moja zaidi ningepiga magoti mbele ya watu arobaini na mmoja wenye viti.

*

Nilifika wadini wakati wa kuwaona wagonjwa unaisha. Jethro alikuwa amechana nywele. Koti lake la kanisani lilikuwa limetandikwa juu ya blanketi.

"Mashine inakuja lini?" akauliza.

Nikamwambia. Yote, tangu michai mpaka sinia, mpaka kilo ya gunia. Sikumficha hata kile kicheko. Alisikiliza akiangalia dari. Nilipomaliza, kitanda kikaanza kutikisika, nikadhani anakufa. Kumbe anacheka, bila sauti, maana ya kutoa sauti hana. Machozi yakamtoka kwenye pembe za macho. Kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Walianguka vipi?" akauliza baadaye.

"Wote watatu wazima. Hata pezi moja halikuvunjika."

"Nimekuambia samaki ataiona." Akanyoosha mkono. Mwalimu alikuwa amenirudishia chubwi moja, mawili yamebaki kama ushahidi. Nikamwekea kiganjani. Akalipapasa kwa kidole gumba, safu za magamba, moja moja. "Migomba imeanguka?"

"Haijaanguka."

Akalikunja koti mwenyewe, vibaya, akanipa niliweke chini ya kitanda.

Sista akapita. "Mama Bravin, mzee ameteleza sana, msogeze juu kidogo kabla hujaenda." Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya magoti na wa kulia chini ya mgongo. Zamani ilikuwa kazi ya watu wawili. Nikamwinua kama gunia la asubuhi, kabla mvua haijanyesha.

Mkono ukasema: arobaini.

Safari hii nikaongeza ile moja. Arobaini na moja, nikajiambia, na sikumweka chini haraka.